Mwezi wa Nyanzobe

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
Tulipatana mlangoni, hata hujakaa,
mtoto begani kwangu, kandambili zako mkononi.
Elfu nne kwa siku, nikasema. Ukasema haya.
Hatukugusia siku
ambazo serikali hufunga ofisi.

Mimi mwalimu. Wakifunga, nalipwa kulala.
Disemba nilipanda basi la Sikonge na Gaude,
wiki tano kwa mama mkwe, natafuna matobolwa kwa karanga,
na tarehe ishirini na tatu simu ikalia mara moja, tii:
mshahara umeingia.
Sikuwa nimefundisha hata herufi.

Januari ukarudi umekonda.
Nikakusifia! Nikasema, Nyanzobe, gauni limekukaa.
Ukacheka, kiganja mdomoni.
Gaude akakurukia shingoni, akakunusa kama ndama,
naye ndiye pekee nyumbani humu
aliyeuliza ulikuwa wapi.

Lipo daftari la kaunta juu ya kabati.
Siku uliyokuja, vema. Siku usiyokuja, nafasi.
Mei Mosi mwaka jana: nafasi.
Siku hiyo nilivaa fulana ya chama, kofia ya chama,
nikatembea juani hadi uwanjani nikipaza sauti,
wafanyakazi tuongezwe,
na wewe, uliyenibebea mtoto ili niipate sauti hiyo,
ulikuwa kijisanduku cheupe kwenye mstari wangu.

Kisha jioni ile ya Jumanne, mwezi ishirini na tisa wa Ramadhani.
Nilipita Kanyenye kutafuta unga.
Mtaa mzima shingo juu, watoto juu ya matofali,
mmoja akiapa ameuona, mwingine akimwita mwongo.
Wewe umeegemea nguzo ya umeme.
Hukutazama juu. Ulitazama vidole vyako,
unakunja kimoja, unakunjua, unakunja.
Ukiandama leo, Jumatano ni Idd.
Usipoandama, Alhamisi ni Idd, Ijumaa ni Idd Pili.
Nafundisha hesabu, Nyanzobe,
lakini hii ulikuwa umeshaikokotoa kabla yangu:
uonekane, usionekane,
elfu nne inakwenda.

Mji huu wa watu wa mwezi!
Ule wa juu una mashahidi, una redio, una shehe wa kuutangaza.
Huu wako wa chini, wa elfu arobaini na nane,
unamegwa kila sikukuu
na hakuna anayetoka nje kuutazama.

Nikafungua pochi. Nikakunyooshea noti ya elfu tano,
iliyokunjwa mara nne, kama mtu anayeficha dawa.
Ukaiangalia.
"Mwalimu, hii ni sadaka au ni mshahara?"
Nikameza mate.
"Maana sadaka watanipa waliofunga.
Wewe niandikie."

Wakapiga kelele. Umeandama.
Mtoto wa jirani akaanguka kutoka kwenye matofali
akainuka anacheka, goti linavuja damu,
ukamfuta kwa ncha ya khanga yako. Bure.

Usiku nikashusha daftari,
na ile kalamu nyekundu ninayotafutia makosa ya watu.
Idd, vema. Jumatatu ya Pasaka, vema. Mei Mosi, vema.
Disemba: siku kumi na tano, elfu sitini.
Nikakaa. Elfu sitini sina;
kuna kodi, kuna mkopo wa bati, kuna mama na sukari yake.
Nikaandika pembeni, herufi za ubaoni: NADAIWA.
Halafu mstari mwingine: likizo yangu ni likizo yako,
nikaona umekaa kama methali, nikaufuta,
nikaandika: Juni, nikifunga shule, unalipwa.

Ijumaa ulikuja na pilau kwenye kibakuli chenye mfuniko.
Ukanawa mikono, ukalifungua daftari mezani,
Gaude mapajani, anatafuna kifuniko cha kalamu.
Ulisoma polepole, kidole kikifuata mstari kwa mstari.
Nilisubiri asante; naona aibu kusema, lakini niliisubiri.

Kidole kikasimama.
"Umeruka Sabasaba," ukasema.